Baridi yetu wasituuzie kama dawa

Tangu mwezi wa sita uingie, vijana wengi wa Kasulo wanatumiana kwa telefone video za wazungu wenye kuingia ndani ya pipa la barafu. Wanatetemeka, wanapumua kwa nguvu, wanatoka wekundu kama nyanya, kiisha wanasema wamepona. Eti maji baridi inachoma mafuta ya mwili, inaondoa uchovu, inashusha sukari ya damu, inafukuza magonjwa. Vijana wetu wanaulizana: kumbe sisi tunaooga maji ya kisima saa kumi na moja ya asubuhi, tuko na dawa ndani ya ndoo na hatukujua?

Swali lao ni la haki na linastahili jibu. Lakini kuko wengine wanaolichukua kwa faida yao. Mwaka huu, katika mukutano wa wadelege wa wafanyakazi na wakubwa wa kampuni moja ya hapa Lualaba, tuliomba kitu kidogo: dushi za kutosha, zenye maji ya moto, kwa ekipe ya usiku wakati huu wa baridi. Mukubwa mumoja akatujibu, akicheka, kwamba maji baridi ni mazuri kwa afya, kule Ulaya watu wanalipa feza juu ya kuyapata, na sisi tunayapata bule. Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka.

Naandika kwa kujibu neno lile, na kwa kujibu vijana vilevile. Maji baridi yana kazi yake mwilini. Wenye elimu wameipima, na sitaificha. Lakini faida ile ni ya mutu aliyechagua mwenyewe kuingia, aliyekula akashiba, anayeingia katika maji safi, na anayekaa dakika chache tu, akitaka kutoka anatoka. Ukiondoa mambo hayo, haibaki dawa. Inabaki baridi tu, na baridi hiyo sisi tunaijua zamani.

Mwili ni mbabula

Mwili wa mutu unataka kukaa karibu na degre 37, muchana na usiku. Ni kama mbabula: chakula ndicho makala, na moto wake ndio unaotupasha. Maji yanachukua joto la mwili kwa haraka kuliko hewa, karibu mara 25. Ndiyo maana unaweza kusimama inje na shati wakati wa asubuhi ya Kolwezi, lakini ukimwagiwa ndoo ya maji ya saa ile ile, pumzi inakatika.

Unapoingia katika maji baridi, mishipa ya damu ya ngozi inajifunga ili damu ya moto ibaki ndani. Moyo unakimbia. Pumzi inakuja kwa nguvu bila wewe kuiita. Halafu mwili unaanza kuongeza moto. Njia moja ni kutetemeka: misuli inafanya kazi bila kubeba kitu, inachoma chakula na kutoa joto. Njia nyingine ni mafuta fulani yenye rangi ya kahawia. Mafuta ya kawaida kazi yake ni kuweka akiba, lakini haya ya kahawia yanachoma sukari na mafuta ili kutoa joto. Watoto wachanga wanayo mengi. Zamani wanganga walifikiri kwamba mutu muzima hana tena. Mwaka 2009, ekipe tatu za wachunguzi, za Marekani na za Ulaya, zilionyesha kwamba hata watu wazima wanayo kidogo, zaidi penye shingo na juu ya mifupa ya mabega.

Kwa hiyo neno la kwamba baridi inaongeza moto wa mwili ni la kweli. Mwaka 2000 kulitoka uchunguzi juu ya vijana wanaume waliokaa saa moja ndani ya maji ya degre 14 mpaka shingoni. Moto wa mwili wao, maana yake kazi ya kuchoma chakula, ulipanda kwa 350 kwa mia. Na ile dawa ya mwili yenyewe inayoamusha mutu, inayoitwa noradrenalini, ilipanda kwa 530 kwa mia. Hapo utaelewa kwa nini mutu akitoka mu maji baridi anajisikia macho wazi na roho nyepesi. Ni mwili wenyewe umepiga kengele.

Juu ya sukari ya damu kuko jambo vilevile. Mwaka 2015, kule Maastricht, Uholanzi, wagonjwa 8 wa sukari walikaa kwa siku 10 ndani ya chumba cha baridi, degre 14 au 15, saa kadhaa kila siku. Mwili wao ulianza kupokea sukari vizuri zaidi, kwa karibu 43 kwa mia. Ni habari njema. Lakini angalia: walikuwa watu 8, walikaa katika hewa baridi na si ndani ya maji, na walikuwa chini ya macho ya wanganga. Mugonjwa wa sukari wa hapa asitupe dawa yake juu ya ndoo ya maji.

Dushi ya moto kwanza

Kuko uchunguzi mumoja ambao ningependa wakubwa wa kampuni wausome muzima, wasiishie kwenye kichwa cha habari. Ulifanywa Uholanzi, na matokeo yake yalitoka mwaka 2016. Watu 3,018 waligawanywa: wengine waliendelea kuoga sawa kawaida, wengine waliambiwa wamalizie dushi yao na maji baridi kwa sekunde 30, 60 au 90, kila siku kwa siku 30. Wale wa maji baridi walikosa kazi juu ya ugonjwa kidogo kuliko wengine, tofauti ya 29 kwa mia. Lakini siku za kuugua zenyewe hazikupunguka. Waliugua kama wengine. Walijisikia tu kuwa na nguvu ya kwenda kazini.

Wenye kufanya uchunguzi ule walioga maji ya moto kwanza. Baridi ilikuwa ya kumalizia, dakika moja na nusu kwa wingi, ndani ya nyumba, maji ya robine. Basi mukubwa akituambia kwamba maji baridi ni dawa ya wazungu, tumujibu hivi: atupe dushi kama ile ya wazungu, yenye robine mbili. Ile ya baridi tutaifungua sisi wenyewe.

Kitu kingine: maji ya kisima kirefu hayafuati sana baridi ya usiku. Joto lake liko karibu na joto la katikati la mwaka muzima la pahali, na kwetu hapa ni karibu degre 20. Si ile degre 14 ya uchunguzi. Maji makali kweli ni yale yaliyolala inje ndani ya pipa usiku wa mwezi wa sita au wa saba. Kolwezi iko karibu na metre 1,400 juu ya bahari. Baridi ya usiku ya wakati ule haihitaji kuelezwa kwa mutu anayerudi kutoka ekipe ya usiku juu ya pikipiki.

Vijana wa michezo wanasema wakimbiaji wakubwa wanaingia katika barafu, hata Eliud Kipchoge wa Kenya. Ni kweli, na baridi inapunguza maumivu ya misuli kwa siku chache. Lakini mwaka 2015 wachunguzi wa Australia walionyesha upande wa pili. Wanaume walifanya mazoezi ya kubeba vitu vizito kwa juma 12. Wale waliokaa dakika 10 ndani ya maji ya degre 10 kila kiisha mazoezi, misuli yao ilikua kidogo kuliko ya wale waliopoa kwa kuendesha baskili polepole. Muchimbaji anayepandisha mifuko ya mawe kutoka shimoni anahitaji misuli yake yote. Kwake chakula na usingizi vinafanya kazi kuliko pipa la barafu.

Makala ni ya nani?

Nirudi kwenye mbabula. Ukiipepea, moto unawaka sana, na makala inaisha mbio. Mutu wa Ulaya anayekaa ofisini, mwenye kula mara tatu, anayetafuta kupunguza tumbo, anafurahi makala ikiisha. Gunia lake limejaa. Lakini muchimbaji ambaye tangu asubuhi alikunywa chai na mukate, ambaye bukari yake ni ya magaribi, na siku ingine ile bukari inategemea kama negosyan wa Musompo amelipa au hakulipa, huyu anachoma makala gani? Anachoma ile ya kesho.

Ndiyo maana baridi inaleta njaa. Mwili unaomba kurudishiwa kilichotumiwa. Mutu mwenye kushiba anapokwenda kuongeza sahani, hiyo si shida. Mutoto ambaye mama yake anamuogesha inje kwa maji baridi, na nyumbani hakuna chakula cha kutosha, sehemu ya chakula chake kidogo inakwenda kupasha mwili, kumbe ilikuwa ya kukuza mifupa na akili. Mama zangu, kama makala iko haba, afazali kupasha maji ya kuogesha mutoto muchanga na mutoto aliyekonda, wakubwa wavumilie.

Na wale wanaosema kwamba lutuku inapasha mwili: inadanganya. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto usoni, na wakati ule ule joto la ndani linatoka inje. Mutu aliyelewa akilala penye baridi, au akiingia maji baridi, yuko karibu na kifo kuliko mutu aliye mukavu.

Saa sita ndani ya maji haziitwi dawa

Tunapozungumza maji baridi hapa Lualaba, lazima tuanzie kwa wamama. Kule ziwa la Malo, Kapata, na kwenye vijito vingine vya Kolwezi, wamama na watoto wameosha mawe ya heterojenite kwa miaka mingi, miguu ndani ya maji, mugongo umepinda, mutoto amefungwa mugongoni. Wanaingia asubuhi, wanatoka jua likishuka. Hakuna anayehesabu sekunde 90. Hakuna anayewaletea taulo.

Maji ya mapipa ya Ulaya yanatoka ku robine. Maji haya yetu yanabeba vumbi la mawe. Kobalti inaweza kuleta aleji ya ngozi: kuwashwa, kupasuka, vidonda vya mikono visivyopona. Ngozi iliyolowa muchana kutwa inalegea, inapasuka mbio, na pale palipopasuka kuko mulango. Maji yaliyosimama yanaweza kubeba bilarzi vilevile. Mwaka 2024 mashirika mawili, RAID ya Uingereza na AFREWATCH ya hapa kwetu Kongo, yalitoa raporo juu ya uchafu wa maji karibu na migodi ya Kolwezi. Ndani yake watu wa vijiji na kartie walieleza magonjwa ya ngozi, na wanamuke walieleza magonjwa ya uzazi.

Kasulo yenyewe ni shahidi. Mwaka 2014 mukaaji mumoja, akichimba ndani ya parseli yake, aligusa mawe ya kobalti, na kwa muda mufupi kartie nzima ikageuka mashimo, chini ya vitanda na chini ya jikoni. Mwaka 2017 sehemu moja ikahamishwa watu na kuzungushwa ukuta. Mwaka 2018 wachunguzi wa Université ya Lubumbashi pamoja na wale wa KU Leuven ya Ubelgiji walitoa matokeo yao juu ya Kasulo. Walikuta kobalti katika vumbi la nyumba, na katika damu na mukojo wa wakaaji, kwa kipimo kikubwa kuliko kwa watu wa kartie ya mbali. Walioumia zaidi walikuwa watoto, hata wasioshika nyundo. Kwa nini? Juu mutoto anacheza chini, anaweka vidole kinywani, na vumbi linaingia nyumbani juu ya nguo na miguu ya baba. Mwaka 2022 shirika la dunia la uchunguzi wa kansa, lile la Lyon, Ufaransa, liliweka chuma cha kobalti, na chumvi zake zinazoyeyuka katika maji, kati ya vitu ambavyo kuna uwezekano mukubwa vinaleta kansa kwa mutu.

Sasa tuko kwenye kiini cha habari. Dushi ya mugodini si starehe. Ni mupaka kati ya vumbi la kazi na sahani ya mutoto. Na maji yakiwa baridi sana, saa kumi ya usiku, mwezi wa saba, nitasema kile ambacho kila mutu anakijua: hakuna anayeoga. Anajinyunyiza uso na mikono, anavaa koti juu ya vumbi, anakwenda nyumbani. Vumbi ambalo maji ya moto na sabuni vingeliacha mugodini linalala kitandani na mama na mutoto. Kwa hiyo maji baridi kwenye dushi ya mugodi, hata kama kwa mutu mumoja yanaamusha roho, kwa familia yanaleta hasara.

Wale ambao baridi ni hatari kwao

Vijana, kabla ya kufuata video, mujue ni nani hapaswi kujaribu.

Mwenye ugonjwa wa moyo au wa tansyo. Mishipa ikijifunga na moyo ukikimbia, tansyo inapanda mara moja. Kwa moyo uliochoka hiyo ni muzigo mukubwa.

Mutoto au mutu muzima mwenye SS. Baridi inaweza kuamusha shida ya maumivu makali ya mifupa. Wengi tunao mutoto wa namna hii ndani ya ukoo. Huyu aoge maji ya uvuguvugu, akaushwe mbio, avikwe nguo. Hapa hakuna mabishano ya desturi.

Mwenye kufanya kazi na nyundo ya hewa, ile inayotetemesha mikono muchana kutwa. Mwaka 1918, munganga Alice Hamilton alikwenda Bedford, kule Indiana, Marekani, kuwaangalia wachonga mawe waliotumia nyundo za hewa. Alikuta vidole vyao vinageuka vyeupe na kufa ganzi, zaidi asubuhi ya baridi. Mutetemo unaumiza mishipa ya vidole, na baridi inaifunga. Mwenzetu akiona vidole vyake vinapauka, asifiche, asivitumbukize ndani ya maji baridi ili vizoee. Havitazoea. Aende kwa munganga wa kazi na delege wake ajue, juu huo ni ugonjwa wa kazi.

Na kila mutu, hata mwenye nguvu, asiingie peke yake ndani ya shimo la zamani lililojaa maji. Dakika ya kwanza ndiyo inaua: pumzi inavutwa bila kutaka, na kama kinywa kiko chini ya maji, ni maji yanayoingia. Watoto wetu wanapenda kuogelea katika mashimo hayo. Pembeni yake kumesimama wima, hakuna pa kushika. Na yale mazoezi ya kupumua haraka haraka kiisha kuzuia pumzi, ambayo video zinaonyesha, yasifanywe kabisa ndani ya maji. Mutu anaweza kuzimia bila kusikia hatari, na katika maji kuzimia ni kufa.

Pale maji baridi yanapookoa

Nisifiche upande wa haki. Kuko siku moja ambapo maji baridi ni dawa ya kweli ya muchimbaji, na siku hiyo wengi wetu tunayasahau. Ni siku ya kuanguka juu ya joto.

Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvula, jua la kariyeri linapiga mawe, mashini zinatoa joto, na mutu amefunikwa na kofia na viatu vizito. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akiyumba kama mulevi, ngozi ikiwa ya moto sana, ujue joto la ndani linaweza kuwa limepita degre 40. Ubongo unapikwa. Usingoje ambulansi ndipo uanze. Mutoe juani, muvue nguo nzito, mutie ndani ya beseni au pipa la maji baridi mpaka kifuani huku unashika kichwa chake. Kama hakuna pipa, mumwagie maji mwili muzima bila kuacha na mumupepee. Kama hajui pahali alipo au amezimia, usimupe kunywa. Umupoze kwanza, kiisha mumupeleke. Dakika 30 za kwanza ndizo zinazoamua kama atarudi nyumbani na akili yake.

Lakini angalia tofauti: mutu aliyeanguka chini ya shimo, ndani ya galeri isiyo na hewa, si joto tu linalomuua. Ukimufuata bila hewa, mutakuwa wawili. Hewa kwanza, maji baadaye.

Kwa hiyo tunaomba pipa la maji baridi vilevile, lijazwe kila siku ya joto, karibu na pahali pa kazi, na watu wafundishwe kulitumia. Kampuni inayopenda sana maji baridi ianzie hapo.

Tunaomba nini

Tusifikiri kwamba dushi zilizo katika migodi ya Ulaya zilianguka kutoka mbinguni. Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe walirudi nyumbani weusi kwa miaka mingi, na wake zao ndio walibeba ndoo na kupasha maji jikoni. Wamama wale walipiga kelele pamoja na wanaume wao. Mwaka 1920 kukawekwa mufuko wa maisha mema ya wachimbaji, na mwaka 1926 sheria ikaongeza feza maalumu, zilizotolewa juu ya mapato ya wenye ardhi ya makaa, kwa kujenga nyumba za kuogea penye migodi. Kaskazini mwa Ufaransa, mupaka leo kumebaki vyumba vikubwa ambamo nguo za wachimbaji zilipandishwa juu na minyororo, safi zikingoja, za kazi zikikauka. Muchimbaji aliingia mugodini na nguo za kazi, akatoka na nguo za nyumbani. Vumbi halikusafiri.

Na leo kipimo cha dunia kinajulikana. Mapatano namba 176 ya mwaka 1995 ya Shirika la Kazi la Dunia, juu ya usalama na afya migodini, yanasema mwenye kazi atoe pahali pa kutosha pa kuoga, pa kubadilisha nguo na pa kula, na apatunze katika usafi. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inataka kila kampuni iwe na komite ya usalama na usafi wa mahali pa kazi. Ndani ya komite ile tuko na viti. Tusivikalie bule.

Kwa kampuni, tunaomba dushi za maji ya moto na ya baridi, kwa hesabu ya ekipe nzima, pamoja na ya wafanyakazi wa su-treta, ambao mara nyingi wanasahauliwa wakati wao ndio wenye kuvuta vumbi zaidi. Tunaomba kabati mbili, ya nguo safi na ya nguo za kazi. Tunaomba nguo za kazi zifuliwe mugodini, zisiende kufuliwa na mama kwenye beseni moja na za mutoto. Na wakati wa kuoga uhesabiwe katika saa za kazi. Kama basi inaondoka dakika 10 kiisha kengele, dushi ni mapambo.

Kwa makoperative ya wachimbaji wa mikono, hatuombi majumba. Tunaomba kibanda chenye mulango, kimoja cha wanaume na kimoja cha wamama, maji safi na sabuni. Mapipa yaliyopakwa rangi nyeusi, yakiwekwa juu ya kibanda, jua la wakati wa baridi linayapasha muchana, juu mbingu ya mwezi wa saba haina mawingu. Ni kazi ya mafundi wetu wa kartie, si ya injenia wa ng'ambo. Na wenye kuosha mawe wapewe bote, mifuko ya mikono ya mpira, na beseni zilizoinuliwa juu ya meza, ili mutu aoshe mawe bila yeye mwenyewe kukaa ndani ya maji. Watoto wasiwe pale hata kidogo.

Kwetu nyumbani, kuko mambo ambayo hayangoji kampuni. Viatu vya kazi vibaki inje. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba, zifuliwe peke yake. Ufagio upite kiisha kunyunyiza maji kidogo, ili vumbi lisiruke. Baba aoge kabla ya kubeba mutoto, hata kama mutoto analia kwa furaha ya kumuona.

Na kijana mwenye afya, asiye na magonjwa niliyotaja, akitaka kujaribu maji baridi, simukatazi. Ale kwanza, apumzike kidogo. Atumie maji safi. Aanze na miguu na mikono, kiisha mwili, sekunde 30, siku ingine dakika moja. Asiwe peke yake. Akitoka ajifute na avae. Kama anasikia raha, ni yake. Raha ile asiifanye kuwa hoja ya kumunyima mwenzake maji ya moto.

Wadelege wote wa migodi ya Kolwezi, naomba jambo hili la dushi liandikwe katika karatasi ya mukutano ujao wa komite, pamoja na hesabu: robine ngapi, watu wangapi, ngapi zinatoa maji ya moto leo. Muende muzihesabu wenyewe, saa ekipe ya usiku inatoka. Wamama wenye kuosha mawe waulizwe vilevile, na neno lao liandikwe. Baridi ya mwaka ujao iko na tarehe yake, inajulikana. Kama tunaanza kuomba sasa, itatukuta na robine. Kama tunangoja, itatukuta sawa vile ilitukuta mwaka huu, tukijinyunyiza uso na kubeba kobalti nyumbani.